Acha Vifuko, Nunua Majani

Nina hoja moja tu mwezi huu, na ni ndogo kiasi kwamba wengine watacheka: kila mwanachuo anayeishi hosteli au geto anatakiwa kujua kupika chai ya majani. Nazungumzia sufuria au birika, majani ya pakiti, chujio na dakika nne za subira. Kuchovya kifuko kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu sikuhesabu.

Najua mtaani ukisema "chai" watu wanaelewa stori ya kutunga. Hii siyo chai ya aina hiyo. Hesabu zote nilizoweka humu unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu, na ukikuta nimekosea, mhariri ana ukurasa wa majibu.

Tuanze na kitu chenyewe. Mchai ni mmea mmoja, wataalamu wanauita Camellia sinensis. Chai nyeusi na chai ya kijani zote zinatoka kwenye mmea huohuo. Tofauti ni kazi ya kiwandani. Mchumaji anachuma majani mawili na chipukizi lake. Majani yakifika kiwandani yananyaushwa ili yapungue maji, yanakatwakatwa, yanaachwa yachachuke kwa hewa mpaka yageuke rangi kama ya shaba, kisha yanakaushwa kwa moto. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinatumia mtindo unaoitwa CTC, ambapo majani hupita kati ya mitambo yenye meno inayoyaponda, kuyachana na kuyaviringisha. Ndiyo maana majani yetu ya pakiti yako kama punje ndogo nyeusi, hayafanani na majani marefu yaliyojikunja unayoyaona kwenye picha za China.

Baada ya kukauka, chai inapitishwa kwenye machekeche. Punje kubwa zinabaki juu, ndogo zinashuka, na chini kabisa linabaki vumbi. Vumbi hili nalo ni chai, lina daraja lake na linauzwa. Vifuko vingi vinajazwa punje ndogo kabisa na vumbi, kwa sababu vinatakiwa kutoa rangi haraka. Chembe ikiwa ndogo, maji yanaigusa kila upande kwa mara moja, rangi inatoka ndani ya nusu dakika na wewe unaamini umepata chai. Umepata rangi na ukali. Harufu nzuri na ule utamu mdogo unaobaki mdomoni huhitaji punje kubwa kidogo na muda kidogo.

Sasa hela, maana bumu halichekeshi mtu. Kifuko kimoja kinabeba takriban gramu 2 za chai. Boksi la vifuko 25 kwa hiyo ni gramu 50 tu. Soma pembeni mwa boksi, uzito umeandikwa. Halafu nenda kwenye rafu ya jirani, chukua pakiti ya majani ya gramu 250, linganisha bei kwa gramu. Usiniamini mimi, fanya mwenyewe hiyo hesabu dukani ukiwa umesimama. Unalipia karatasi, uzi, kibandiko, boksi na kazi ya kuvipanga, na ndani kuna chembe ndogo kuliko za kwenye pakiti.

Kwa wanaonunua chai kafeteria, tuseme kikombe cha chai ya rangi ni shilingi 300 na unakunywa viwili kwa siku. Muhula wa wiki 15 unakutoa shilingi 63,000. Hivyo ni vikombe 210. Ukipika mwenyewe kwa gramu 2 kila kikombe, pakiti ya gramu 250 inatoa vikombe 125, kwa hiyo pakiti mbili zinakuvusha muhula na kubaki. Ukiweka vijiko viwili vya sukari, yaani kama gramu 8, utahitaji kilo mbili kasoro. Tuseme pakiti ni shilingi 3,000, sukari kilo 3,000, chujio 1,500. Jumla ni 13,500. Badilisha bei uweke za duka lako, lakini pengo litabaki kubwa. Katika mfano huu umebakiwa na 49,500. Kwa mwanachuo, hiyo ni nauli ya kwenda nyumbani.

Angalia pia kitu kingine kwenye hesabu hiyo: sukari imekula hela sawasawa na chai. Ukiwa mtu wa vijiko vitatu, imekula zaidi. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei kupanda, watu walilalamika kwamba chai imekuwa ghali, kumbe chai haikuwa imefanya kosa lolote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sukari ya kuongezwa, na kwamba ni vizuri zaidi ikibaki karibu na gramu 25 kwa siku. Vijiko vitatu mara vikombe vitatu ni gramu 36. Umeshavuka kabla hujanywa soda. Chai iliyopikwa vizuri haina ukali wa kukunja uso, kwa hiyo haihitaji kufunikwa na sukari. Huo ndio uchumi wa kweli wa majani.

Kuna watu watasema: "Kaka, kifuko ni rahisi, mimi niko bize." Nakubali ni rahisi. Kwa mtu anayesafiri, au aliye kwenye kikao cha saa nzima, kifuko ni msaada. Lakini tuwe wakweli na huo ubize. Maji lazima yachemke, uwe na kifuko au majani. Tofauti yote ni dakika nne za kusubiri na nusu dakika ya kusuuza chujio. Dakika nne hizo unazitumia kuangalia hali za watu kwenye simu, na hakuna hata mmoja aliyekushukuru.

Wengine wanaona majani ni ya kishamba, na kifuko chenye uzi ni ustaarabu, kwa sababu ndicho kinacholetwa ofisini na hotelini kwenye kisahani. Hapa ndipo ninapocheka. Huko Ulaya na Marekani, anayetaka kuonekana anaijua chai hununua majani, birika la udongo na chujio la chuma, na analipa zaidi. Mwandishi George Orwell, ambaye wengi mnamjua kwa Shamba la Wanyama, aliandika gazetini mwaka 1946 kanuni 11 za kutengeneza kikombe kizuri cha chai. Uingereza wakati huo chai ilikuwa ya mgawo. Alisisitiza birika lipashwe moto kwanza, chai iwe ya majani yanayoelea huru, na isitiwe sukari. Bibi yangu kule Rungwe hajawahi kumsoma Orwell, lakini kanuni ya kwanza na ya pili anazifuata kila asubuhi. Ya tatu hawezi kukubali.

Basi, kama nimekushawishi hata nusu, anza hivi.

Vifaa ni vinne: kitu cha kuchemshia, kitu chenye mfuniko cha kuivishia, chujio na kijiko. Birika la umeme linatosha kuchemshia. Kuivisha unaweza kutumia sufuria ndogo yenye mfuniko, au hata kikombe kikubwa ukakifunika na kisahani. Usinunue seti ya vyombo vya harusi. Chujio la waya la sokoni linafanya kazi yote.

Majani ya kuanzia, nunua pakiti ndogo ya gramu 50 au 100 kwanza. Ifungue, mimina kidogo kwenye karatasi nyeupe. Punje nzuri zinalingana, ni nyeusi au kahawia iliyoiva, zina harufu ya kukaribisha. Ukiona nyuzinyuzi nyingi za rangi ya mbao, hivyo ni vijiti vya majani yaliyochumwa yamekomaa. Ukiona unga mtupu, umenunua vumbi, na utapata rangi ya haraka ileile ya kifuko. Jaribu aina mbili tatu mpaka upate yako. Tanzania tunalima chai Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, Korogwe, Muheza na Kagera, na zote hazina ladha moja.

Kuhifadhi ndiko kunakoharibu chai nyingi hosteli. Majani makavu yananyonya unyevu na harufu kama sifongo. Ukiyaweka kwenye sanduku moja na sabuni ya unga, dagaa na mafuta ya nywele, wiki ya pili unakunywa vyote hivyo. Tafuta kopo lenye kifuniko cha kubana, lisilopitisha mwanga, liwe kavu kabisa, na usichote kwa kijiko kilicholowa.

Maji. Sisi wa Dodoma hapa tuna kazi. Maji mengi ya mji huu yanatoka visimani, Makutupora na kwingine, na ni maji magumu. Ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na utando unaong'aa juu ya chai ya rangi, ule unaopasukapasuka kama barafu nyembamba. Watu wanadhani majani ni mabaya. Madini ya maji ndiyo yanayoshikana na chai. Acha maji yachemke kabisa, yatulie kidogo, mimina ya juu na uache mashapo chini. Mara moja kwa wiki chemsha maji yenye ndimu au siki kwenye birika, ukoko utatoka. Ukiwa na maji ya mvua safi yaliyochemshwa, jaribu kupikia chai siku moja uone tofauti.

Kitu kingine cha Dodoma ni mwinuko. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam, lakini hupungua kama nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Hapa yanachemka karibu na 96, na kule kwetu Tukuyu chini kidogo ya hapo. Chai nyeusi inapenda maji ya moto sana. Kwa hiyo mimina yakiwa yanatokota, usiyaache yapoe, na ongeza nusu dakika kwa ile mliyozoea Dar. Wenzangu mtakaofundisha fizikia, hili ni somo zima la kidato cha kwanza na kifaa chake kinanyweka.

Kipimo: kikombe cha mililita 200, kijiko kimoja cha chai kisicho na mlima, ambacho ni kama gramu 2. Mimina maji juu ya majani, funika, hesabu dakika tatu mpaka nne, koroga mara moja, chuja. Ukitaka chai kali, ongeza majani, usiongeze dakika. Ukizidisha muda unapata ule uchungu unaokausha ulimi. Wataalamu wa kuonja chai wana kipimo chao cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mwaka 1980: gramu 2 kwa kila mililita 100, dakika 6. Hiyo ni mara mbili ya kipimo changu, na imewekwa makusudi ili kasoro zote zionekane. Ni ya kuonja maabara. Usiinywe kabla ya mtihani.

Ukiwa na chupa ya chai, chuja kabla ya kumimina ndani. Majani yakilala kwenye chupa yenye moto masaa matatu, hata uweke robo kilo ya sukari hutaokoa kitu.

Chai ya maziwa ina taratibu zake. Protini ya maziwa hushikana na vile vitu vinavyoleta ukakasi, ndiyo maana chai ya maziwa inavumilia kuchemshwa na majani yake kwa dakika kadhaa na bado ikawa laini. Weka majani mengi kidogo kuliko ya chai ya rangi. Ukitaka tangawizi, angalia: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Itwange, ichemshe kwenye maji peke yake dakika tano, kisha ndiyo utie maziwa na majani. Ukifanya kinyume, maziwa yatakatika na utalaumu muuza maziwa bure. Iliki, mdalasini na mchaichai havina ugomvi huo.

Mambo mawili ya afya, hasa msimu wa mitihani. La kwanza, kikombe cha chai nyeusi kina kafeini kama miligramu 40 hadi 50, karibu nusu ya kikombe cha kahawa. Mwili huchukua kama masaa matano kuipunguza nusu. Ukinywa saa tano usiku, saa kumi alfajiri nusu yake bado iko kazini. Ukinywa vikombe vinne unasoma usiku wa kuamkia mtihani, usishangae umelala macho yakiwa wazi. Kunywa jioni mapema, kisha badilisha uende kwenye mchaichai mtupu, hauna kafeini.

La pili ni la dada zetu zaidi, ingawa linatuhusu wote. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungechukua kutoka kwenye maharage, mchicha na nafaka. Menyu ya mwanachuo ni maharage na mchicha kwa sehemu kubwa, na upungufu wa damu siyo jambo la kubuni. Dawa yake ni ndogo: acha saa moja ipite baada ya kula ndiyo unywe chai. Ukitaka kitu pamoja na chakula, kunywa maji au juisi ya limao, ambayo husaidia chuma kuingia.

Sasa niwageukie wanaume wenzangu. Tumetoka kwenye nyumba ambazo chai inatokea mezani. Dada kaamka saa kumi na moja, kawasha moto, kachota maji, sisi tumeamka tukakuta chupa imejaa. Tukifika chuo, hakuna dada, ndipo tunageuka wateja wa kudumu wa kifuko na kafeteria, au tunamsogelea mwanadarasa wa kike tukimwita "mama" ili atukirimu. Kupika chai hakuhitaji kipaji. Ni maji, majani na saa. Mtu aliyepita kidato cha sita na kufaulu hawezi kusema hili limemshinda. Akisema, ameamua tu kwamba ni kazi ya mtu mwingine, na ni vizuri tuite jambo hilo kwa jina lake.

Kwa sisi wa ualimu kuna zaidi. Mwaka si mwingi tutapangiwa vituo, na wengi hatutapangiwa mjini. Kwenye shule ya kijijini hakuna kafeteria. Mzazi atakuja jioni nyumbani kwa mwalimu kuzungumza habari za mtoto aliyeacha shule, na kabla hajafungua mdomo ataangalia kama amekaribishwa. "Karibu chai, mzee" ndiyo sentensi itakayofungua mazungumzo kuliko nadharia yoyote ya saikolojia ya elimu tuliyokariri. Ukimpa mzee wa watu kifuko kinachoelea kwenye maji baridi, amekwisha kukusoma.

Na hili ndilo linalonigusa zaidi kuhusu hosteli zetu. Kifuko kimoja ni kikombe kimoja, na kikombe kimoja ni mtu mmoja. Kimetengenezwa hivyo. Sufuria ya chai huwezi kupika ya mtu mmoja ukajisikia vizuri. Mkono wenyewe unaongeza maji, halafu unagonga mlango wa jirani. Tunaishi vyumba vya watu wanne au sita, kila mmoja na vipokea sauti masikioni, na mtu anaweza kupita wiki nzima ya msongo, ana sapu tatu, amefiwa, ameishiwa, na wenzake wa chumba hawajui. Tunaandaa semina za afya ya akili na mabango makubwa. Sisemi ziachwe. Nasema chumba ambacho saa moja jioni kuna sufuria ya chai katikati, watu wanajua nani leo hajanywa. Chai haimponyi mtu, lakini inamfanya aonekane.

Kisha yuko mkulima. Nimekulia Rungwe kwenye chai, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Kilo moja ya chai kavu inatokana na majani mabichi kilo nne hadi tano. Ile pakiti yako ya gramu 250 ni zaidi ya kilo moja ya majani yaliyochumwa kwa mkono, jani mawili na chipukizi, kwenye ukungu na mvua, yakabebwa mgongoni mpaka kwenye kituo cha kupimia. Chai nyingi ya Tanzania inauzwa nje ikiwa kwenye magunia, bila jina, na kwa miaka mingi imekuwa ikipita kwenye mnada wa Mombasa pamoja na chai ya nchi nyingine nyingi za Afrika. Mwaka 2023 tulianzisha mnada wetu Dar es Salaam, ni hatua. Lakini mahali popote bei inapopangwa na mnunuzi wa mbali, mkulima anasubiri tu kuambiwa. Soko la ndani ndilo ambalo sisi tuna sauti ndani yake, na ni dogo kwa sababu tunakunywa chai kidogo na hatujali ni ipi. Mnywaji anayejua tofauti ya punje na vumbi ataulizia chai nzuri dukani, na muuzaji ataiagiza. Sidai kwamba pakiti mbili zako kwa muhula zitabadilisha maisha ya Rungwe. Nadai kwamba vyuo vina maelfu ya vijana ambao kesho ndio watakuwa na nyumba, ofisi na shule za kununulia chai, na ladha hujengwa katika umri huu.

Namalizia na jambo la serikali yetu ya wanafunzi, maana bila hilo yote haya ni mahubiri. Ili mtu apike chai anahitaji maji ya moto kwa njia halali. Hosteli nyingi zinakataza hita na majiko vyumbani, na sababu ni ya kweli: ile hita ya waya ya kutumbukiza kwenye ndoo ya plastiki, iliyochomekwa kwenye soketi iliyounganishwa na soketi nyingine tatu, inaweza kuunguza jengo. Sitetei hita hata kidogo. Lakini katazo peke yake halijazizuia, limezificha tu chini ya vitanda, na kilichofichwa ni hatari kuliko kilicho wazi.

Suluhisho ni mahali pamoja pa kuchemshia maji kwa kila bloku: meza ya zege au ya vigae, birika kubwa la umeme lenye kujizima, waya uliowekwa na fundi, na utaratibu wa usafi. Watasema umeme ni gharama. Twende kwenye hesabu. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka ubaridi wa bomba kunahitaji chini ya moja ya kumi ya yuniti. Yuniti moja ya umeme inachemsha takriban lita 10, na lita 10 ni vikombe 50. Hata bloku la watu 200, kila mmoja vikombe viwili kwa siku, ni yuniti 8 hivi. Hiyo siyo gharama ya kukitingisha chuo, na kila mwanafunzi akichangia sarafu chache kwa mwezi imelipika. Linganisha na gharama ya chumba kimoja kilichoungua.

Uchaguzi wetu unakaribia na wagombea wataanza kupita vyumbani kuahidi mambo ya mbinguni. Mgombea akigonga mlango wako, mkaribishe, mpe kiti na kikombe cha chai uliyopika mwenyewe. Akishapiga funda la kwanza, muulize lini bloku letu litapata mahali pa kuchemshia maji, na nani atalipia umeme. Usimruhusu aondoke kabla kikombe hakijaisha.